Hodi ya Tatu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kuingia Uyahudi

Barua za safari hii zimejaa swali moja lenye sura nyingi: mtu aliyelelewa katika dini nyingine afanyeje akiona moyo unamvuta kwenye Uyahudi? Tumechagua chache. Majina tumeyafupisha kwa makusudi, maana haya ni mambo ambayo mtu huyaficha hata kwa jirani.

Nimemwandikia rabi mara mbili, kimya. Mara ya tatu akajibu mistari miwili: nibaki mtu mwema, Mungu hanidai niwe Myahudi. Nimevunjika moyo. Kwani hawataki watu? – J.K., Nakuru

Ndugu J.K., hujafukuzwa. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hugeuza njia. Kwa marabi ni kinyume: hodi ya kwanza na ya pili huachwa zipite, ya tatu ndiyo husikilizwa. Desturi hiyo huegemezwa kwenye Kitabu cha Ruthu, ambapo Naomi anamwambia mkaza mwanawe arudi kwao mara tatu, na alipoona hang'oki akanyamaza wakaongozana. Si kila rabi anaishika kwa ukali, ila karibu wote watakupunguza kasi kwa namna moja au nyingine.

Na alichokuandikia si maneno ya kukutoa njiani. Ndiyo imani yenyewe. Uyahudi haufundishi kwamba asiye Myahudi amepotea. Unafundisha kwamba wanadamu wote, wana wa Nuhu, wana amri saba: wasiabudu sanamu, wasimtukane Mungu, wasiue, wasizini, wasiibe, wasile kiungo kilichokatwa kwa mnyama aliye hai, na waweke mahakama za haki. Mwenye kuzishika ana fungu lake katika ulimwengu ujao. Myahudi ana amri 613. Sasa jiweke mahali pa rabi. Wewe ukila nguruwe leo huna kosa lolote mbele ya Torati. Akikupokea Jumatatu, ukala Jumanne, umetenda dhambi, na aliyekufikisha hapo ni yeye. Kwa hiyo anapokuchelewesha hajivuni. Anaogopa kukutwisha mzigo utakaokushinda.

Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika kitabu cha Yevamoti, imehifadhi maneno anayoambiwa mtu anayekuja. Anaulizwa: umeona nini hata ukaja? Hujui kwamba siku hizi Israeli wanateswa na kusukumwasukumwa? Akijibu kwamba anajua, na kwamba hata hastahili, hupokewa papo hapo. Kisha huelezwa baadhi ya amri nyepesi na baadhi ya amri nzito, na marabi wameonywa wasimzidishie maneno wala kumbana mno. Swali lile la mateso usilione la kale. Novemba 2002 hoteli iliyokuwa ikipokea wageni Waisraeli pale Kikambala, kaskazini mwa Mombasa, ililipuliwa, na waliokufa wengi walikuwa Wakenya. Rabi akikuuliza kama unajua unachokitaka, anauliza na hilo.

Barua yako ya nne iwe na mambo haya: umri wako, kama una mke na watoto na wao wanasemaje, unaishi wapi na sinagogi iko umbali gani, umelelewa dini gani, umesoma nini, na ni kipi katika wiki yako kimeshabadilika. Ndoto usizitie, wala habari kwamba kabila lenu ni moja ya makabila kumi ya Israeli yaliyopotea. Hatusemi ni uongo, ila rabi hana mizani ya kupimia ndoto. Na usiandike "naomba kuongoka". Andika "naomba kuja kusali Sabato moja, na kuanza kusoma". Ombi la pili ni dogo na lina jibu. Kisha subiri jibu kabla ya kwenda. Masinagogi mengi duniani yana ulinzi mlangoni, na ile ya Nairobi, iliyo kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway, haitofautiani na nyingine. Mgeni anayetokea tu Ijumaa jioni na mkoba mgongoni anawatia watu hofu bure.

Kanisani kwetu tunashika Sabato, tunavaa taliti, shali ya sala, tunapuliza shofa, baragumu ya pembe, na tunamwamini Yeshua kuwa Masihi. Mchungaji anasema sisi tayari ni Wayahudi wa kiroho. Je, kuna haja ya kuongoka? – E.M., Mbeya

Haja ipo, Dada E.M.: ninyi si Wayahudi bado, na katika hili marabi wa madhehebu matatu, wa Orthodoksi wanaoshika sheria kwa ukali, wa Masorti walio kati na wa Reformu walio huru zaidi, ambao hugombana karibu kwa kila jambo, wana jibu moja. Kumwamini Yesu kuwa Mungu au Masihi aliyekwisha kuja ni imani ya Kikristo, hata ikivikwa taliti. Baraza la marabi linalopokea waongofu litakuuliza jambo hili waziwazi. Anayeficha na kubaki nalo moyoni hatakuwa amewadanganya wao: kuongoka kwake ndiko kutakuwa na ufa tangu msingi, kwa sababu kukubali amri ndiyo nguzo ya jambo lote.

Tunasema haya bila kebehi, kwa kuwa Afrika Mashariki ni wengi walioanzia mlipo. Jumuiya ya Kasuku, karibu na Nyahururu, ilichipuka kutoka kikundi cha Kimasihi. Abayudaya wa Mbale, Uganda, nao walianzia kwenye Biblia mkononi: Semei Kakungulu, jemadari aliyekuwa ametumikia Waingereza, alisoma Agano la Kale, akaona tohara imeamriwa, akatahiriwa yeye na wanawe mwaka 1919. Alipoambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, akasema basi yeye ni Myahudi. Watu wake walishika Sabato kwa zaidi ya miaka 80, wakapita hata kipindi cha Idi Amin ambapo dini yao ilipigwa marufuku. Na bado, mwaka 2002, mamia yao walisimama mbele ya baraza la marabi wa Masorti na kuingia majini, yaani kuzama kwenye maji ya ibada kama tendo la mwisho la kuongoka. Hawakuona ni tusi. Kama wao waliingia majini, kanisa lenu haliwezi kusema limeshafika.

Jambo moja la kivitendo: kabla ya kumwandikia rabi yeyote, kaa mwaka mzima bila jina la Yesu katika sala zako uone moyo unasema nini. Wengi hugundua kwamba walichokipenda ni Sabato na zaburi, si kumwacha Yesu. Hilo nalo ni jibu, na halina aibu.

Naomba hatua kamili. Inachukua muda gani? Mimi nilipita jandoni nikiwa na miaka tisa, nitatahiriwa tena? – R.H., Tanga

Bwana R.H., hatua ni nne: kusoma, kuishi, kusimama mbele ya baraza, na maji. Kwa mwanamume tohara huingia kabla ya maji. Lakini swali litakaloamua yote hukuliuliza: utaishi wapi?

Tanga hakuna sinagogi. Myahudi anayeshika sheria kwa njia ya Orthodoksi hapandi gari siku ya Sabato, kwa hiyo hukaa mahali anapoweza kutembea kwa miguu hadi kwenye sala. Sala ya pamoja huhitaji watu wazima kumi, minyani, ambao kwa Orthodoksi ni wanaume tu. Bila kumi hawa husomi Torati hadharani, wala husemi Kadishi, sala ya wafiwa, mzazi wako akifa. Mtu mmoja peke yake, hata awe mchamungu namna gani, ni sehemu ya kumi. Ndiyo maana mabaraza mengi hukataa mtu mwenye elimu nzuri na kumpokea mwenye elimu ya kati aliyehamia karibu na jumuiya. Kwetu sisi hapo ndipo wengi hukwama, wala si kwenye imani. Kama huna mpango wa kuhamia Nairobi, au Mbale, au nje, soma kwa raha zako na ushike zile amri saba, lakini usijipe tarehe.

Kusoma: hesabu mwaka mmoja kwa uchache, mara nyingi miwili na zaidi, kwa kuwa lazima upite mzunguko mzima wa sikukuu. Utajifunza herufi 22 za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Uliyesoma chuo cha Kurani hapo Tanga hilo halitakupa shida. Utaweza kusoma kitabu cha sala, kusema Shema, ungamo la Mungu mmoja, asubuhi na jioni, na kufuata Amida, sala ya kusimama, ambayo siku za kazi ina baraka 19 na siku ya Sabato saba. Utafunga Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, saa 25 bila chakula wala maji. Aliyezoea Ramadhani asidanganyike: hapa hakuna futari katikati, mfungo huanza kabla ya magharibi na kufunguliwa nyota zikitoka siku ya pili.

Kuishi: Sabato ndiyo shule kubwa. Msemaji wa Kiswahili ana bahati, maana bado tunajua kwamba siku huanza magharibi na kwamba usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata Ijumaa. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Huku karibu na ikweta saa hiyo haichezi sana, ni saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima. Mwenzako wa London huwahi kuwasha saa tisa na nusu alasiri wakati wa baridi, na Juni hungoja hadi saa nne usiku ipite ndipo Sabato iishe. Chakula kipikwe kabla, kiachwe juu ya moto uliofunikwa. Simu izimwe. Kazi zilizokatazwa ni 39, kuanzia kulima hadi kubeba mzigo barabarani, na kuwasha moto na kuandika zimo.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wote: kabla hujaongoka, hutakiwi kuishika Sabato kikamilifu. Talmudi inaihesabu kuwa ishara kati ya Mungu na Israeli, na ambaye hajaingia hapaswi kuichukua nzima. Kwa hiyo marabi humwagiza mwanafunzi afanye tendo dogo moja, awashe taa mara moja au aandike neno moja kwenye karatasi, kisha aendelee kupumzika.

Tohara: hutatahiriwa tena. Kwa aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu pale govi lilipokuwa, kwa sindano ndogo kama ile ya kupimia malaria kidoleni, mbele ya mashahidi. Ni sekunde chache. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni la mwanamume ambaye hakutahiriwa, akakimbilia hospitali mapema ili "awahi". Hajaharibu kitu, ila kwa kuwa haikufanywa kwa nia ya agano, tone la damu litabaki palepale. Angesubiri baraza limwelekeze, angefanya mara moja. Aliyetahiriwa ukubwani haingii majini mpaka kidonda kipone kabisa.

Baraza huitwa beti dini. Usichanganye na dini yetu. Neno hilo hapo maana yake ni hukumu. Ni watu watatu. Hawakuulizi ya vitabuni tu. Watataka kujua baraka unayosema kabla ya kula ndizi, utafanyaje bosi akikuita kazini Jumamosi, na mkeo yuko wapi. Hilo la mke lina uzito: kwa kawaida hawampokei mume peke yake na kumwacha mke nje. Na wote wawili wakiongoka, kwa Orthodoksi hutengana siku 90 kisha hufunga ndoa upya, ili ijulikane wazi mtoto gani alitungwa mimba kabla na yupi baada.

Ukitoka majini utapewa jina, fulani mwana wa Abrahamu. Pasipoti yako huigusi. Na kama tayari unaitwa Daudi au Yakobo, umeshapunguza kazi.

Naishi chumba kimoja na sebule, jiko la mkaa na sufuria nne. Jiko la kosheri si ni la matajiri? – N., Dar es Salaam

Dada N., kosheri ni chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, na jiko la bei nafuu kuliko yote ni la kosheri lisilo na nyama. Kata nyama kabisa mpaka utakapoishi mahali penye mchinjaji aliyefunzwa kwa sheria ya Kiyahudi. Machinjo ya halali hayatoshi, ingawa kisu na koo vinafanana. Sheria ya kisu, ya mchinjaji mwenyewe na ya kukagua mapafu ni nyingine.

Kinachobaki ni chakula chako cha kila siku. Ugali, wali, maharage, choroko, viazi, matunda yote. Mchele uchague kwenye ungo kama ulivyofundishwa, na sasa ujue ni sheria: mdudu mmoja mzima aliyeliwa ni kosa kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mchicha, sukuma wiki na kabichi fungua jani kwa jani kwenye mwanga, loweka kwenye maji ya chumvi, suuza, angalia tena. Yai livunje kwenye bilauri peke yake. Likiwa na doa la damu litupe.

Samaki ni ruhusa, bila kuchinjwa wala kutiwa chumvi, mradi awe na mapezi na magamba yanayobanduka bila kuchana ngozi. Sato, sangara, changu, jodari: sawa. Kambare, papa, taa, pweza, ngisi, kaa na kamba: hapana, hata mmoja. Mnunue mzima, au umwone muuzaji akimpaa mbele yako. Minofu iliyochunwa ngozi iache, kwa kuwa huna namna ya kumjua aliyekuwa ndani yake. Kumbikumbi hawaliwi. Senene wana mjadala: Wayahudi wa Yemen waliwajua nzige wanaoruhusiwa na kuwala, wengine walipoteza ujuzi huo, na asiye na ujuzi wa baba zake hali.

Siku nyama ikija, kuku aliyechinjwa vizuri huloweshwa majini nusu saa, hupakwa chumvi ya mawe kila upande na kuwekwa penye mteremko au matundu kwa saa nzima damu itoke, kisha husuuzwa mara tatu. Maini hayatoki damu kwa chumvi. Huchomwa kwenye moto wazi, na hapo jiko lako la mkaa linaishinda gesi ya tajiri.

Nyama na maziwa havikutani, si kwenye sufuria, si kwenye kijiko, si tumboni. Baada ya nyama wengi husubiri saa sita. Ziko jamii zinazosubiri tatu, na Waholanzi moja. Kwa hiyo ukila pilau ya nyama saa saba mchana, chai ya maziwa ni saa moja usiku, yaani ya alasiri hakuna. Chai ya rangi tu. Tui la nazi si maziwa, kuku wa kupaka ni halali yako. Ila kuna uangalifu mmoja wa kale: marabi walipoona watu wakipika nyama kwa maziwa ya lozi, walisema ziwekwe lozi nzima mezani ili mtazamaji asidhani ni maziwa ya ng'ombe. Weka kipande cha nazi juu ya sinia, umemaliza.

Sufuria zako za zamani za alumini husafishika: sugua, ziache saa 24 bila kupikiwa, kisha chemsha maji hadi yafurike ukingoni. Chungu cha udongo hakisafishiki kabisa, kimeshanyonya. Kama ni cha bibi, kitie maua.

Pasaka tutaiandikia siku nyingine, lakini ujue mapema: siku nane bila chapati, maandazi wala mkate. Ugali wa mahindi Wasefaradi, Wayahudi wa asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu, kwa kawaida wanakula na Waashkenazi, wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawali, na utafuata desturi ya jumuiya iliyokupokea, si ile inayokupendeza.

Nyumbani sote ni Waislamu. Mama akijua atalia mpaka aumwe. Naweza kubaki mtoto wake? – A.S., Mombasa

Ndugu yetu A.S., kisheria mtu aliyeongoka huhesabiwa kama mtoto aliyezaliwa upya, na wapo wanaoichukua kauli hiyo kama ruhusa ya kukata ukoo. Wamekosea. Shulhan Arukhi, kitabu cha sheria kinachofuatwa hadi leo, kinamkataza mwongofu kumlaani au kumdharau mzazi wake asiye Myahudi, ili watu wasiseme ametoka kwenye utakatifu mkubwa akaingia mdogo. Mzigo wako kwa mama haupungui.

Utapenda kumjua mtu mmoja. Katika karne ya 12 Maimonidesi, rabi na mwanasheria mkubwa aliyeishi Misri, aliandikiwa na mwongofu aitwaye Obadia, aliyekuwa Mwislamu. Obadia aliuliza kama anaweza kusema "Mungu wa baba zetu" katika sala na hali baba zake si Wayahudi. Maimonidesi akamjibu aseme bila kubadilisha hata neno, kwa kuwa Abrahamu ni baba wa kila anayeingia. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwalimu wa Obadia alishikilia kwamba Waislamu ni waabudu sanamu, mwanafunzi akabisha, mwalimu akamwita mpumbavu. Maimonidesi alisimama na mwanafunzi: Waislamu wanamkiri Mungu mmoja bila doa, na mwalimu anapaswa kumwomba radhi. Kwa hiyo usiingie Uyahudi kwa kuitukana nyumba uliyotoka. Baraza likisikia chuki ya namna hiyo hukutilia shaka, na lina haki.

Sasa ya nyumbani. Kwa mama utakula matunda, karanga, na chai ya rangi kwenye bilauri. Idi utampa mkono na kumletea zawadi. Sala ya Idi hutaingia. Mazikoni utakwenda, utabeba jeneza, utakaa matangani na ndugu zako. Kile usichokifanya ni ibada yenyewe. Ujue pia kwamba katika sheria ya mirathi ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Kama kuna shamba au nyumba ya familia, jambo hilo litakuja, na ni afadhali likukute umeshaamua moyoni kuliko likuzushie ugomvi mbele ya kaburi.

Mwambie mama wewe mwenyewe, kabla hujaweka picha yoyote kwenye simu. Na kwa usalama wako, usimwambie mtu mtaani mpaka uwe na mahali pa kulala nje ya mtaa huo.

Nikiongoka nitapata uraia wa Israeli? – Msomaji, Goma

Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, iliyorekebishwa 1970, inamtambua mwongofu. Lakini hati inayotolewa katika jumuiya isiyotambulika, au kwa mtu asiyeishi na jumuiya hiyo kabla na baada, hukwama wizarani, na Abayudaya kadhaa wamelionja hilo. Ndoa ya Kiyahudi ndani ya Israeli iko mikononi mwa marabi wakuu wa Orthodoksi, ambao hawatambui kuongoka kwa Masorti wala Reformu. Na kama uraia ndiyo sababu, baraza litainusa katika dakika kumi za kwanza.

Rabi niliyempata mtandaoni anataka dola 800, anipe mtihani kwa video na kunitumia cheti. Nilipe? – P.O., Minneapolis

Usilipe. Masomo kwa video ni sawa, watu wengi husoma hivyo. Maji hayaingii kwenye video, wala tone la damu. Gharama za kweli zipo: vitabu, nauli, ada ya darasa, ada ya mikve, yaani bwawa la kuzamia. Anayeuza hati nzima kwa bei moja anauza karatasi. Wewe uko Minneapolis, penye masinagogi ya madhehebu yote matatu: tembelea moja moja, kaa Sabato nne au tano kila mahali, ndipo uchague. Uliza mapema kila moja, nani atakitambua cheti chake na nani hatakitambua, na mwombe rabi akujibu kwa maandishi. Atakayekasirikia swali hilo, mwache.

Nimepangiwa kuingia mikve mwezi ujao. Nina rasta za kusukia na hina mikononi. Nifanyeje? – Z., Nairobi

Hongera, Dada Z., na umefanya vyema kuuliza sasa. Kanuni ni moja: maji yaguse mwili wote na kila unywele kwa pigo moja, bila kizuizi. Rasta za kusukia, weaving na mabutu yote yafumuliwe, nywele zichanwe mpaka zisiwe na fundo. Anza kufumua siku mbili kabla, si asubuhi ileile, kwa sababu kipande kimoja cha uzi kilichosahaulika kisogoni kinaweza kukurudisha nyumbani. Mwenye dredi za asili zilizoshikana lazima amwone rabi wiki kadhaa kabla. Hapo majibu hutofautiana.

Hina ni rangi tu, haina unene, kwa kawaida haizuii. Piko nzito inayobanduka vipande izuie mapema, acha iishe yenyewe. Rangi ya kucha, kucha za bandia, kope za bandia, hereni, kipini cha pua, lenzi za macho, plasta, vyote vitoke. Kata kucha, piga mswaki, ondoa nyuzi za nyama kwenye meno, oga kwa sabuni na usijipake mafuta baadaye. Hili la mafuta ndilo linalowaponza dada zetu, mkono huenda wenyewe kwenye chupa.

Bwawa lina maji ya mvua au ya chemchemi yasiyopungua sea 40, kipimo cha kale ambacho wapo wanaokihesabu kuwa lita 330 hivi na wapo wanaofika zaidi ya 550. Bahari pia ni mikve halali, na penye pwani watu huitumia. Utashuka mchana, kwa kuwa hili ni tendo la hukumu na hukumu haikai usiku. Mwanamke msaidizi ndiye atakayekuona. Wale watatu, kama ni wanaume, watasimama nje ya mlango wakisikia, au wewe utakuwa ndani ya gauni pana hadi shingoni na wao wataona kichwa tu kikizama.

Usijikunje wala kujikaza: miguu itengane kidogo, vidole vya mikono vifunguke, macho na midomo vifumbwe bila kubanwa. Zama hadi unywele wa mwisho upotee. Ukiinuka ndipo unasema baraka, si kabla, maana mwenye kusema "aliyetuamuru" lazima awe tayari mmoja wa walioamriwa. Kisha zama tena mara mbili. Msaidizi akisema unywele ulielea, usione aibu, rudia. Beba kanga mbili, moja ya kujifutia na nyingine ya kujitandia utakapotoka kupokea jina.